Aliyelala Chumba cha Ndani

Mwezi uliopita niliitwa kwenda kuosha maiti kwa mara ya kwanza. Marehemu alikuwa mama wa Kizanzibari aliyeishi mji wa Falls Church. Sikumjua sana, lakini wanawake wetu wa kazi hiyo huku Amerika ni wachache, na wengine magoti yamechoka, kwa hiyo zamu imetufikia sisi wa rika la kati ambao bado tunajiona wasichana. Ilipofika maji ya mwisho, mwanamke aliyekuwa akituongoza akanipa kipakiti cha karatasi nikifungue nikiponde kilichomo. Nikafungua. Karafuu maiti. Wenzangu wakainamisha vichwa, kama watu wa pwani wafanyavyo harufu ile inapopanda, maana jina lenyewe limeshasema yote. Mimi nikatabasamu. Sikukusudia. "Kuna nini?" akaninong'oneza yule mama, na sikuweza kumweleza pale, mbele ya maiti ya watu, kwamba kwangu mimi hiyo ni harufu ya alasiri katika jengo moja la Wheaton, harufu ya mtu aliyelala na ambaye punde tu ataamshwa.

Nililelewa na nyanya yangu Mombasa, mtaa wa Kibokoni. Mama alikwenda Amerika kutafuta maisha nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu, na kwa miaka mingi alikuwa kwangu sauti ya simu inayokwenda na kurudi, na sentensi moja ambayo Nyanya aliirudia kila akinisuka nywele: "Mama yako ametangulia. Nawe utamfuata." Niliipenda sentensi hiyo. Nilimwona Mama akitembea mbele kwenye njia ndefu nyeupe, nami nyuma yake, na mwisho wa njia kuna Amerika.

Kisha Nyanya akaanza kuugua. Alipungua siku hata siku, akawa mdogo, mwepesi, hata khalati yangu, dada yake Mama, akamwinua kitandani kama anayeinua mto. Chakula kikienda chumbani kinarudi kama kilivyokwenda. Asubuhi moja nikapelekwa kwa jirani, na niliporudi nikakuta shuka imetundikwa mlangoni mwa chumba chake, na nyumba nzima inanukia ile harufu kali ya baridi, kama hewa iliyofuliwa. "Nyanya amelala," khalati akaniambia. "Usimwamshe." Wanaume wakaja wakabeba kitu kirefu kilichofunikwa. Jioni wanawake walijaa majamvini, na mmoja akanivuta mapajani kwake akanipapasa mgongo. "Usilie, mwanangu. Nyanya ametangulia tu. Sote tutamfuata."

Sikuwa nikilia. Nilikuwa nimefurahi. Nilijua waliotangulia huenda wapi.

Karatasi zangu zilipotoka nikapandishwa ndege pamoja na mama mmoja aliyekuwa akisafiri, nikashuka upande wa pili nikiwa na mkoba mgongoni na usingizi machoni. Mwanamke mwembamba aliyevaa koti refu akanikimbilia, akanikumbatia hadi pumzi ikanipotea. Nilijua ni Mama kwa sauti. Nikachungulia nyuma yake. Palikuwa na watu wengi wenye masanduku, lakini yule niliyemtaka hakuwapo.

"Nyanya yuko wapi?" nikauliza.

Uso wa Mama ulikunjamana. Akainama akachukua mkoba wangu.

"Twende nyumbani," akasema.

Kwa hiyo yuko nyumbani, nikawaza, na njia nzima, kwenye barabara ile kubwa ya kuzunguka jiji yenye taa nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine, nilikaa wima nisije nikasinzia nikamkosa Nyanya kunifungulia mlango. Nyumbani palikuwa fleti ya chumba kimoja, Wheaton, karibu na jengo la maduka na stesheni ya treni. Nilitazama kabatini. Nilitazama nyuma ya pazia la bafuni. Sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wa Mama pale uwanjani, na sikutaka kuuona tena ukiwa vile.

Mama alikuwa akimhudumia kikongwe mmoja nyumbani kwake, Silver Spring. Akirudi alijitupa kwenye kochi na viatu vyake vyeupe na kunisimulia kazi yake kama anayejisimulia mwenyewe: "Leo nimemwogesha, nimembadilisha nguo, nimemlisha, nimemlaza. Alikuwa mkali leo." Nilikuwa nikimsikiliza nikiwa nimekaa mbali kidogo, kama mgeni. Tulikuwa tukioneana haya, mimi na yeye. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa simu tu.

Skuli ilipofunguliwa, pakatakiwa mtu wa kukaa nami alasiri. Mtu huyo akawa Ba.

Ba aliishi mwisho wa korido yetu, korido iliyochanganya harufu ya kahawa ya majirani zetu Wahabeshi na ya mikate ya mahindi ya majirani zetu Wasalvado. Mama alikutana naye chumba cha kufulia nguo, aliposikia bibi wa Kihindi aliyevaa sari akiigombeza mashine kwa Kiswahili cha Unguja: "Hebu zunguka, mjinga wee!" Ba alizaliwa Unguja, baba yake alikuwa sonara, akaolewa, akahama hapa na pale, na mwisho akamfuata mwanawe aliyefanya kazi za kompyuta Virginia na kuja kumtazama kila Jumapili. "Ba" ni mama kwa Kigujarati. Mwanawe alimwita hivyo, na jengo zima likafuata. Mimi nilidhani ni nusu ya "baba", kwamba nusu nyingine ilimpotea safarini.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Mama alimwomba jambo moja: "Ba, mtoto huyu ni wa Kiislamu. Kile chumba chako cha ibada, tafadhali asiingie." Na Ba akamjibu, "Mwanangu, mie nimekulia Unguja. Mlango utafungwa, wala usiwe na wasiwasi." Lakini wakati ule sikuambiwa chochote. Nilichoona siku ya kwanza ni bibi mfupi mwenye nywele nyeupe amesimama mlangoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na lilikuwa neno la kwanza Amerika kunijibu kama nilivyozoea kujibiwa. Kisha harufu ikanifikia. Nikaganda pale pale. Ilitoka ndani, nyepesi, kali, ya baridi, harufu ya siku ile ya Kibokoni.

"Ingia. Vua viatu," Ba akasema. "Na usipige kelele, Mama amelala."

"Mama gani?"

Akacheka kidogo, huku akielekea jikoni kubandika chai. "Mama wa sote. Mama yangu mimi, na mama wa mama yako."

Mama wa mama yangu. Nikautazama mlango uliofungwa mwisho wa ukumbi, na moyo wangu ukapiga kwa nguvu mpaka nikadhani utamwamsha.

Siku zile zinanijia kama ndoto ambayo ndani yake ni alasiri daima. Jua la vuli lilipita kwenye majani mekundu dirishani na kuenea juu ya zulia. Mimi nilikaa mezani na vitabu vyangu, nimetega sikio. Ikifika saa kumi Ba alinawa mikono, akajifunika kichwa kwa ncha ya sari, akaingia chumbani na kufunga mlango nyuma yake. Nilisikia kengele ndogo ikilia polepole, kama mtu anayeogopa kushtua. Nilisikia maji yakimiminwa. Nilisikia Ba akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kumbembeleza mtu aamke. Kisha ile harufu ikapita chini ya mlango, na Ba akatoka amebeba sahani ya fedha: maziwa kikombeni, vipande vya tufaha, sukari mawe. Vyote kama vilivyoingia.

Jambo hilo lilinitia hofu. Nilishaona sahani zikirudi vile. Wala sikushangaa kwamba Nyanya analala mchana kutwa na kuhudumiwa na mtu mwingine. Kazi ya Mama ilikuwa hiyo hiyo, kumwogesha mama wa watu, kumvisha, kumlisha, kumlaza. Nilifikiri ndiyo desturi ya Amerika: kila mtu anamtunza mama wa mwenzake.

Jioni ile nikamwambia Mama, "Nataka kaimati."

Lilikuwa ombi langu la kwanza tangu nifike. Alinitazama kana kwamba nimempa zawadi. Alikuwa ametoka kazini, miguu imevimba, lakini akaumua unga, akakaanga, akachovya kwenye shira, akiimba. Nilikula mbili ili asihuzunike. Zilizobaki nikazitia kwenye kopo la bati, na kesho yake nikampa Ba.

"Za Mama," nikasema, nikionyesha mlango kwa kidevu. "Mpelekee. Hizi atakula."

Ba akalifungua bati. "Nani kapika?"

"Mama."

"Zina yai?"

"Hazina."

Alisimama na lile bati mkononi kwa kitambo. Nilipokua nikajua kwa nini. Chakula cha chumba kile kilipikwa kwa mikono yake mwenyewe, akiwa ameoga, tena bila kuonjwa, na tangu enzi ya bibi yake hakuna aliyewahi kulivunja sharti hilo. Kisha akajifunika kichwa akaingia. Alipotoka bati lilikuwa tupu, limeoshwa.

"Amekula?" nikauliza.

"Amepokea," Ba akasema, na macho yake yalikuwa na maji. Alidhani mtoto wa Kiislamu amemletea Mungu wake tunu. Mimi nilidhani nyanya yangu amepata nafuu. Tulifurahi pamoja, na nilirukaruka ukumbini hadi akanikumbusha kwamba kuna watu ghorofa ya chini.

Baridi ilipoanza, nikamkuta ameketi dirishani na sindano, akishona shali ya sufu. Ilikuwa ndogo kuliko kiganja changu.

"Ya nani?"

"Ya Mama. Baridi imeingia, hawezi kukaa na hariri peke yake."

Nikaigusa shali ile kwa kidole. Nilijua Nyanya alikuwa akipungua, lakini sikujua kwamba amefika hapo. Ba aliona naikodolea macho, akadhani nataka hadithi. Akanisimulia habari za nyumba ya Mama.

Huko Kachi, Bara Hindi, kulikotoka wazee wake, kuna kilima kikavu, na juu yake hekalu la kale, la kale hata hakuna ajuaye lilianza lini. Zamani Mama alikaa mlima wa mbali, na mfinyanzi mmoja alikuwa akipanda kila siku kumwona. Akazeeka. Siku moja akalia, akasema, Mama, miguu haifiki tena. Mama akamwambia, "Basi mimi nitakuja kwako. Wewe tangulia, nami nitakufuata. Lakini usigeuke nyuma." Mfinyanzi akatangulia, na nyuma yake akasikia njuga za miguu ya Mama, chaka, chaka. Akavuka vijiji, akavuka mashamba. Walipofika kwenye mto uliokauka, mchanga ukazimeza njuga. Kimya. Mfinyanzi akaogopa kwamba ameachwa. Akageuka.

"Akamkuta?"

"Alikuwepo. Hatua moja tu nyuma yake. Lakini kwa kuwa aligeuka, Mama akasema, mimi nabaki hapa. Mfinyanzi akalia kwa aibu. Mama akamwambia, unalia nini? Hapa panatosha. Nijengee hapa."

Na wakamjengea palepale, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angejenga, hakuna maji, hakuna kivuli. Ba alifika mara moja, akiwa bi harusi. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu, nguzo ni nyeusi kwa mafuta ya mikono. Kila siku kabla ya jua kuhani humwamsha Mama kwa wimbo, kwa sababu hakuna anayestahili kushtuliwa usingizini, sembuse mama. Humwogesha kwa maji na maziwa, humvika nguo za majira, na akila, pazia hufungwa, maana ni aibu kumtazama mtu akila. Jioni huwashwa kafuri mbele yake, ile tunayoiita sisi karafuu maiti, kwa sababu ikiungua haiachi hata jivu. Na taa za udongo hadi leo huletwa na ukoo wa yule mfinyanzi. "Nilifika mchana wa jua kali," Ba akasema, "wakaniambia, amelala. Nikakaa juu ya jiwe la moto, na sari yangu ya harusi, nikangoja. Sijawahi kungoja vizuri kama siku ile." Kutoka hapo babu yake alikuwa amechukua alama ya Mama, akaenda nayo Unguja, na Ba akaitoa Unguja kwenye mkoba wake, chini ya nguo za mtoto.

"Wewe hukugeuka nyuma?" nikamuuliza.

"Niligeuka kila mara," akasema. "Mpaka shingo ikauma."

Nami nilikuwa nimegeuka. Kwenye ngazi ya ndege, Mombasa, niligeuka kutazama paa la uwanja na watu wanaopunga mikono. Sikumwambia Ba. Usiku kucha niliwaza, labda ndiyo sababu hatoki chumbani.

Kesho yake nilipotoka skuli Ba alinipa chai, akaketi kwenye kiti chake, na usingizi ukamchukua na miwani usoni. Nyumba ilikuwa kimya. Nikavua soksi. Nikaenda hadi mlango wa mwisho nikashika kitasa, nacho kikazunguka bila neno.

Chumba kilikuwa na mwanga wa rangi ya asali. Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na kabati la mbao lenye pazia jekundu, kikombe cha maji kidogo sana, na ukutani picha ya kilima na ngazi na bendera ikipepea. Nikapiga magoti. "Nyanya," nikasema, "ni mimi." Nikafungua pazia.

Kulikuwa na mama wa shaba mdogo, amevikwa ile shali ya sufu, na macho yake ya fedha yalikuwa wazi kabisa. Alikuwa mzuri. Hakuwa Nyanya. Nilitazama nyuma yake, nikatazama chini ya kabati, nikapapasa hadi ukutani. Kisha nikajua, yote kwa mara moja, kama mtu anayeingia maji ya baridi: kile kitu kirefu walichobeba wanaume, yale majamvi, uso wa Mama uwanja wa ndege. Nikalia. Sikuwa nimelia tangu Mombasa, na sauti iliyotoka sikuijua.

Ba alikuja mbio, bila miwani. Aliona pazia limefunguliwa wakati wa mapumziko, akaniona mimi sakafuni, akaketi kando yangu.

"Ulikuwa ukimtafuta nani, mwanangu?"

"Nyanya. Ulisema mama wa mama yangu amelala humu."

Akaweka mkono mdomoni. Nadhani kaimati zote zilimrudia kichwani wakati ule. Alinishika kichwa akakilaza kwenye paja lake, akanyoosha mkono kwenye simu, na nikamsikia akisema, "Njoo sasa hivi. La, hajaumia. Omba ruhusa, uje."

Mama alifika na sare yake ya kazi ya rangi ya samawati, anahema. Alisimama kwenye mlango wa chumba alichokataza, akaiona sanamu, akaniona mimi mbele yake. Nilingoja hasira.

"Mtoto anamtafuta mama yako," Ba akamwambia. "Tangu siku ya kwanza anamngoja mlangoni pangu. Mwambie."

"Nimwambieje, Ba? Mimi mwenyewe sijajiambia."

"Basi jiambie, naye asikie. Mimi si wa kumwambia."

Mama akateleza na ukuta hadi akakaa chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto, "Mama yangu amekufa," na akashangaa, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa habari hiyo.

Akanisimulia. Siku ile alikuwa akimlisha yule kikongwe, na simu ikalia mfukoni, na hakuipokea kwa sababu kikongwe alikuwa na uji mdomoni na angepaliwa. Alimaliza kumlisha. Akampangusa. Ndipo akasikiliza ujumbe wa khalati. Hakuwa na mtu wa kumwambia mle ndani, na karatasi zake hazikumruhusu kutoka nchini na kurudi, kwa hiyo akakunja kitambaa, akaosha bakuli. "Kila siku namwogesha mama wa mtu," akasema. "Wangu akaoshwa na wengine." Nilisogea kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kusogea mimi, si kuvutwa. Alinukia sabuni na dawa, na chini ya hivyo, mbali sana, alinukia nyumba yetu. Tulilia mpaka saa kumi ikatukuta.

Mama akajipangusa akataka kuinuka. "Ba, wakati wako wa ibada umefika. Tutoke, ufanye yako."

"Kaeni mkitaka," Ba akasema, akijifunika kichwa. "Keshaamka. Kwa kelele zile nani angelala?"

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka katikati ya kwikwi, kikubwa, cha Kibokoni hasa. Tulitoka tukakaa ukumbini, lakini mlango safari hii ulibaki wazi, na tuliuona moto mdogo ukipanda na kuzunguka mikononi mwa Ba.

Jumamosi iliyofuata Mama alimsomea mama yake hitima. Miezi ilikuwa imepita, lakini wanawake waliokuja, kutoka Riverdale Park na kwingineko, walimwambia hitima haichelewi. Walijaza chumba chetu, juzuu mikononi, viatu vikafurika koridoni. Ba alikuja na trei ya ladu, vitamu vya Kihindi, chini ya kitambaa, akaketi karibu na mlango, kichwa kimefunikwa kama wao, akainamisha macho muda wote wa kisomo. Mama aliniweka mbele yake, mgongo wangu kwenye magoti yake.

Ulipofika wakati wa dua, bibi aliyekuwa akisomesha akainua uso. "Marehemu jina lake nani?"

Nikataka kujibu: Nyanya. Sikujua kwamba kuna jina jingine.

"Mwanakombo," Mama akasema. "Mwanakombo binti Shee."

Niligeuka kumtazama. Wanawake wakalirudia jina lile, kila mmoja kwa lafudhi yake, ya Lamu, ya Tanga, ya Unguja, na kando ya mlango nikamsikia Ba naye akilitamka polepole, mara mbili, apate kulikumbuka.